Nilivua wateja kwa kokoro, barua ya shangazi ikalala jalalani

  

Wiki iliyopita niliahidi kuwaletea kisa cha jamaa aliyemkimbia bibi harusi kwa kivuko cha Kamanga. Kisa kipo na kitakuja. Ila wiki hii imebidi nikiweke kiporo, maana nina soo langu mwenyewe, tena la nyumbani. Shangazi yangu hajanisemesha vizuri tangu mvua za vuli zilipoanza. Salamu anaitikia, chakula ananipa, lakini ile "karibu mwanangu, kula" ya siku zote sasa imebaki "kula" peke yake.

Chanzo cha yote ni barua. Tulia, si barua ya mapenzi. Ni barua pepe.

Shangazi anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Ananunua kwa wavuvi wa visiwani, Ukerewe na Kome huko, anajaza magunia na kuwauzia wanaokuja na malori. Mwaloni si mchezo, ndugu yangu. Ukisimama pale asubuhi unasikia Kikongo, Kinyarwanda, Kirundi na Kisukuma kabla hujamaliza kikombe cha chai. Kwa hao hao dagaa shangazi amesomesha watoto wake wanne, na mimi wa tano nikafika kidato cha nne. Baada ya hapo dagaa walikuwepo, matokeo ndiyo yaliyogoma.

Mimi, mbali na safu hii (ambayo mhariri huilipa akikumbuka), nashinda kwenye steshenari moja karibu na stendi ya daladala. Nachapa barua za watu, natoa fotokopi, natuma barua pepe za wale wasiotaka kusumbuka. Kwenye ukoo wetu hiyo inatosha kabisa kuitwa mtaalamu wa kompyuta. Na hapo ndipo kasheshe lilipoanzia.

Mwezi wa nane mwaka jana shangazi aliniita. "Mwanangu, na mimi nataka anwani yenye jina langu. Ile ya viwanda vya minofu." Alikuwa ameona kadi ya mnunuzi mmoja wa sangara, ambayo baada ya ile alama ya @ haikuandikwa Gmail bali jina la kampuni, na mwishoni .co.tz. Jina hilo la baada ya @ ndilo linaloitwa domeni. Nikamwambia, "Shangazi, hilo dogo."

Nikatafuta jamaa wanaokodisha nafasi kwenye seva kwa bei chee, nikasajili domeni, nikafungua anwani. Shangazi alifurahi mno, akaninunulia sato mzima wa kukaanga. Ningeishia hapo leo ningekuwa bado naitwa mwanangu.

Lakini kichwa kilishavimba. Mshikaji wangu mmoja wa pale Makoroboi akaniuzia flashi yenye anwani za barua pepe 3,000, eti za "wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Kati". Usiku mmoja, bando likiwa limejaa, nikazipiga zote kwa mpigo. Tangazo lenyewe lilikuwa picha moja kubwa ya dagaa, bila maandishi ya maana, kichwa chake kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu: OFA OFA OFA!!! DAGAA WA MWANZA HARAKA!!! Chini nikaweka kiungo kifupi cha kubonyeza, cha aina ile isiyoonyesha kinakokupeleka. Nililala nikiota malori yamepanga foleni kuanzia Mwaloni mpaka Pasiansi.

Asubuhi nikakuta mamia ya barua zimerudi, anwani hazipo. Za kweli zilizojibu zilikuwa mbili. Moja ilinitukana kwa Kiingereza na nyingine kwa Kifaransa. Sikumwambia shangazi.

Wiki mbili baadaye likaja zali lenyewe. Mzee mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi alipita Mwaloni, akaonja dagaa wa shangazi, akawavunjavunja mkononi kuona kama wamekauka, akaridhika. Magunia 80. Akasema mzigo atautoa lakini mhasibu wake anataka profoma, na iende kwa barua pepe kwa sababu benki yao haitaki picha za WhatsApp. Akaacha anwani yake ya Gmail, wakaagana. Tarehe 9 mwezi wa tisa nikaandika profoma safi kabisa, nikaituma mbele ya shangazi. Akaiona imeondoka kwa macho yake.

Kimya.

Namba aliyotuachia ilikuwa ya laini ya hapa nchini, ambayo huitumia akiwa safarini tu. Akishavuka Tunduma anaizima. WhatsApp yake ikabaki na tiki moja, nadhani hata leo. Tarehe 1 mwezi wa kumi nikatuma barua ya kumkumbusha. Kimya tena. Shangazi amewashikilia dagaa godauni, wateja wa rejareja anawaambia mzigo una mwenyewe. Mara vuli hiyo! Na aliyewahi kufanya biashara ya dagaa anajua unyevu ukiingia kwenye gunia ni nini kinafuata. Wakaanza kubadilika rangi, harufu ikageuka. Magunia 80 yale, yaliyonunuliwa kwa bei ya chakula cha watu, yakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Sehemu ya mtaji ilikuwa mkopo wa kikundi cha akina mama. We acha tu.

Tarehe 20 hivi yule mzee akatokea Mwaloni, ananunua kwa jirani. Alipomwona shangazi akamwambia kwa upole, "Mama, nilingojaka karatasi yako." Shangazi akaniita mbio kutoka steshenari. Nikamwomba mzee simu yake, nikaingia kwenye barua pepe, nikashuka mpaka kwenye ile folda ya taka ambayo hata yeye hakuwa anajua kwamba anayo. Barua ya ukumbusho ilikuwa imelala humo, ina siku 19. Ile ya profoma haikuwepo kabisa, kwa sababu Gmail barua ikikaa kwenye taka siku 30 inaifuta yenyewe. Shangazi hakusema kitu. Aliniangalia tu, halafu akawaangalia dagaa wa jirani wakipakiwa kwenye lori.

Basi bwana, nikaenda kumwona dada mmoja fundi wa mitambo ya intaneti, ana ofisi ghorofani barabara ya Kenyatta. Nilienda nikiwa na hasira na Gmail, na Wazungu, na dunia. Nikamwambia hawa jamaa wanabagua barua za Waafrika. Akacheka. "Mdogo wangu, hebu kaa chini kwanza. Hujui walinzi wa getini wanapambana na nini."

Akanieleza kuwa kwa hesabu za kampuni ya Kaspersky, mwaka 2023 karibu nusu ya barua pepe zote duniani zilikuwa taka. Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mei 1978 bwana mmoja wa Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia watu karibu 400 tangazo la biashara ambalo hawakuliomba. Watu wakachukia, lakini wateja nao alipata, na hapo ndipo penye ugonjwa. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, wakabandika tangazo moja kwenye vikundi vya mazungumzo vya intaneti zaidi ya 5,000. Walikuwa wanatangaza nini? Kukusaidia, kwa malipo, kuingia bahati nasibu ya Green Card! Naona vijana wa Mabatini mnachekea tumboni. Jina la Kizungu la hizo taka, "spam", limetoka kwenye nyama ya kopo ya Marekani, kupitia kichekesho cha televisheni cha Waingereza cha mwaka 1970 ambamo karibu kila chakula mgahawani kina nyama hiyo, utake usitake.

Na sisi tunayo yetu. Nani hajapata ule ujumbe wa simu, "ile hela tuma kwenye namba hii"? Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, TCRA wametupa namba 15040 ya kuwaripoti matapeli, na bado jumbe zinaingia. Sasa fikiria wewe ndiye mlinzi unayepokea mabilioni ya barua kwa siku, na kila tapeli anavaa shati la benki. Utamwamini nani?

Hapo dada akafungua barua yangu. Kwenye Gmail ukibonyeza vile vidoti vitatu ukachagua kuiona barua ilivyo asili, unaonyeshwa vipimo ilivyopigwa getini. Kuna vitatu vinavyoitwa SPF, DKIM na DMARC. Usikimbie! Mimi nilitaka kukimbia, dada akanieleza kwa lugha ya Mwaloni nikaelewa, na wewe utaelewa.

SPF ni orodha ya mitumbwi. Unajua kila mwalo una daftari la mitumbwi iliyosajiliwa. Basi mwenye domeni naye anaandika kwenye daftari la domeni yake, lile ambalo kila seva duniani inaweza kulisoma, kwamba barua zangu hubebwa na seva hii na hii tu. Barua ikifika kwenye mtumbwi usiokuwa kwenye orodha, mlinzi anakunja uso.

DKIM ni lakiri, ule muhuri wa nta wa bahasha za zamani. Kuna funguo mbili. Mmoja wa siri unakaa kwenye seva yako na ndio unaopiga lakiri kila barua inapotoka. Wa pili umebandikwa hadharani kwenye daftari la domeni, mpokeaji anautumia kupimia. Mtu akiiteka barua njiani akabadilisha tarakimu moja tu ya akaunti ya benki kwenye maelezo yake, lakiri inakataa. Kwa mtu anayetuma profoma hili si la urembo. Kuna wafanyabiashara wameshalipa hela kwenye akaunti za wezi kwa sababu barua ilibadilishwa namba.

DMARC ni maagizo kwa mlinzi. Unamwandikia: ikija barua inadai imetoka kwangu, lakini si ya mtumbwi wangu wala haina lakiri yangu, ifanye hivi. Kuna maagizo matatu: iache ipite, itupe jalalani, au irudishe ilikotoka. Pia unamwomba akutumie ripoti, ili umjue nani anatembea na jina lako mjini.

Sasa barua ya shangazi ilikuwa na nini? DKIM hakuna. DMARC hakuna. SPF ilikuwa imepita, nikafurahi, dada akanikata kilimi: imepita kwa jina la mwenye seva, si la shangazi. Yaani nje ya bahasha limeandikwa jina la jamaa wa bei chee, ndani inasomeka shangazi. Mlinzi anaona mtu kavaa kitambulisho cha mwingine. Hajamkamata, lakini hatamwingiza sebuleni. Kuna wakati Gmail huikataa barua kabisa ikakurudia na maelezo ya kosa, na heri ingekuwa hivyo, ningejua. Yetu ilipita getini kimyakimya ikatupwa uani.

Na kumbe hawa wapokeaji wakubwa walishatangaza. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila anayetuma awe na walau SPF au DKIM, na anayerusha barua nyingi, kwa Google zaidi ya 5,000 kwa siku, awe na vyote vitatu, pamoja na sehemu ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Microsoft nao wakafuata Mei 2025 kwa watumaji wakubwa wa namna hiyo. Google wanataka malalamiko, yaani watu wanaobonyeza "hii ni taka", yasifike matatu kwa kila barua 1,000, na wanapenda zaidi yawe chini ya moja. Sasa mimi usiku ule wa ofa yangu sijui walibonyeza wangapi, na sitaki kujua.

Hapo dada akaniuliza kwa sauti ya upole iliyoniumiza zaidi ya ya ukali: "Kabla ya hii profoma, mlituma nini kingine?"

Nikakiri. Flashi, anwani 3,000, usiku mmoja.

Akanyamaza. Akasema, "Ulivua kwa kokoro."

Kama wewe si wa ziwani, kokoro ni ule wavu wa kukokota mpaka ufukweni, umepigwa marufuku kwa sababu unazoa kila kitu, mpaka mayai na vifaranga, na kuharibu mazalia. Leo unapata ndoo, kesho ziwa tupu. Orodha ya kununua ni kokoro tupu. Ndani yake kuna anwani zilizokufa zamani, na kila barua inayogonga kaburi inahesabiwa dhidi yako. Kuna watu ambao hawakujui, watakaokushtaki kwa kidole kimoja. Kuna na mitego: anwani ambazo hazina mtu, zimewekwa makusudi na mashirika yanayowinda watuma taka. Shirika la Spamhaus, lililoanzishwa 1998, linatunza orodha ya seva zenye sifa mbaya, na walinzi wengi duniani huisoma kabla ya kukufungulia. Na usisahau kuwa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mshikaji wangu wa Makoroboi aliyeniuzia majina na anwani za watu, hebu naye aisome taratibu.

Nikajaribu kujitetea, ofa ile na profoma ni barua mbili tofauti. Dada akasema mlinzi hahukumu barua peke yake, anahukumu jina. Domeni yetu ilikuwa na wiki tatu tu duniani. Mgeni mtaani, wiki ya kwanza tu anagonga milango 3,000 usiku akipiga kelele za ofa. Siku akija na jambo la maana nani atamfungulia? Domeni mpya unaitembeza polepole. Unaanza na wachache wanaokujua, wakujibu, majibu yao ndiyo yanayokujengea jina.

Na bei chee nayo ilituponza. Seva ile tulikuwa tumejazana kama nyumba ya kupanga Igogo, vyumba ishirini choo kimoja. Mpangaji mmoja akiwa mwizi, polisi wakija wanaburuza wote. Anwani ya IP ya seva ikishachafuliwa na mmoja, harufu inawafuata wote wanaotumia mlango ule.

Nilipomweleza shangazi jambo hili jioni, ndilo pekee alilolielewa bila kuuliza mara mbili. Wenye umri wake hapa Mwanza wanaukumbuka mwaka 1999. Zilienea habari za wavuvi kutumia sumu ziwani, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, wa Kenya, Uganda na sisi. Hawakuuliza huyu kavuliwa na nani. Aliyetumia sumu na aliyetega nyavu zake kwa halali, wote nje. Viwanda vya minofu vikayumba, watu wakarudishwa makwao. Ulaya ilikuja kufungua tena kwetu mwaka 2000, na haikufungua kwa sababu tulilia. Ilikuwa ni ukaguzi, vyeti, maabara. Leo ukipita Nyegezi ipo maabara ya kupima ubora wa samaki, na kila kontena la minofu linaondoka na karatasi zake. Shangazi akasema, "Kwa hiyo barua yangu ilikwenda haina cheti." Ndiyo shangazi. "Na wewe ulikuwa umetia sumu ziwani." Nikaangalia chini.

Tukahama ile nyumba ya kupanga, tukaenda kwa watu wengine, ghali kidogo. Nikaandika SPF mpya mwenyewe kwa kiherehere, na nikaharibu tena! Sikufuta mstari wa zamani, ikawa miwili. Kanuni ni mstari mmoja wa SPF kwa domeni moja, ukiweka miwili mpokeaji anahesabu ni kosa, hausomi hata mmoja. Dada akafuta, akawasha DKIM, akaweka DMARC kwenye "iache ipite" kwanza ili tusome ripoti wiki kadhaa kabla ya kukaza. Ripoti zenyewe zinakuja kwa lugha ya mashine, usizitolee macho bila msaada.

Upande wa maandishi nikajifunza kuandika kama binadamu. Kuna programu moja ya kuchuja inayoitwa SpamAssassin, inagawa pointi: kichwa cha herufi kubwa tupu, pointi, picha kubwa bila maneno, pointi, zikifika 5 kwa kawaida inakuita taka. Kosa moja halikuui, yanajumlishwa. Tangazo langu nafikiri lilifika 5 kabla halijamaliza salamu. Siku hizi kichwa cha barua ya shangazi kinasema "Profoma ya magunia 30 ya dagaa, Mwaloni Mwanza" na ndani kuna jina la mteja, bei kwa maneno, namba ya simu, karatasi moja ya kuambatisha. Kiungo kifupi hamna.

Kubwa kuliko yote halihitaji fundi. Mteja akiwa bado amesimama mbele ya magunia, nampa simu yangu aandike anwani yake mwenyewe, natuma salamu palepale, namwomba aitafute. Ikiwa imeangukia kwenye taka, anabonyeza kwamba si taka, anaiweka anwani ya shangazi kwenye majina yake, ananijibu neno moja tu, hata "sawa". Dakika mbili. Ningefanya hivyo mwezi wa tisa, dagaa wale wangeliwa Lubumbashi na watu.

Na nikwambie ukweli ambao mafundi hawapendi tuuseme: kama unatuma barua kumi kwa mwezi, baki na Gmail yako ya bure. Google wanaipiga lakiri wenyewe. Domeni yenye jina lako ni kama suti, inapendeza, lakini uwe na hela ya kuipiga pasi. Shangazi alitaka suti, mimi nikampa ya mtumba isiyofuliwa.

Zile anwani 3,000 nimezifuta. Tumebaki na wateja 41 kutoka kwenye daftari la shangazi, lile la jalada gumu, na kila mmoja ameulizwa kwanza kama anataka kuletewa bei. Sita walikataa, tukawaacha.

Mwezi wa kwanza shangazi akaniamuru nimwandikie tena yule mzee wa Lubumbashi, barua fupi ya pole na bei mpya. Nikatuma Jumatatu. Jumanne kimya, Jumatano kimya. Alhamisi shangazi akaacha kuniambia hata "kula", sahani ikawa inasukumwa tu. Ijumaa dada fundi akanipigia kuuliza maendeleo, nikamlalamikia wee, mpaka akanikatisha: "Kwenu kwenyewe umeangalia?"

Kwetu wapi?

"Kwenye taka zenu, mdogo wangu. Na nyie si mna mlinzi?"

Nikafungua. Jibu la mzee lilikuwa humo tangu Jumatatu jioni. Anataka magunia 25, ya kuonjea tu, na anauliza kama mama bado ana hasira.

Nimeijibu sehemu ya magunia. Hiyo nyingine nimemwachia shangazi aijibu mwenyewe, bado anafikiria. Wiki ijayo kisa cha kivuko cha Kamanga, safari hii kweli.